Kinda wa sekondari, mwanachuo, au kugawa fungu? Ulinganisho kwa shabiki wa besiboli anayesubiri drafti

Kila Julai klabu 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, hukaa mezani kugawana vijana bora wa nchi hiyo, wa Kanada na wa Puerto Rico. Huchagua kwa zamu, raundi 20, na hiyo ndiyo inayoitwa drafti. Kijana hachagui klabu, klabu ndiyo inayomchagua. Kwa sisi tuliokulia kwenye habari za usajili wa Simba na Yanga, utaratibu huu unashangaza kidogo, maana tajiri hawezi kuruka foleni. Waliofanya vibaya msimu uliopita ndio hutangulia, na tangu Desemba 2022 nafasi sita za kwanza hupigiwa bahati nasibu ili klabu zisiwe zinafungwa kwa makusudi.

Ikifika wiki ya drafti mashabiki hugawanyika. Wako wanaotaka mtoto wa sekondari mwenye kipaji cha kutisha. Wako wanaotaka mwanachuo aliyekwisha iva. Na lipo kundi la tatu, dogo lakini lenye kelele, linalosema kwamba jina la kwanza si hoja, hoja ni pesa zinavyogawanywa kutoka juu hadi chini. Kama nawe umekwama kati ya hayo matatu, hapa nayapima yote kwa vigezo vilevile.

Vigezo vyenyewe

*Pesa.* Tangu 2012 kila nafasi katika raundi 10 za kwanza ina bei iliyopangwa na ligi. Ukijumlisha bei za nafasi zako zote unapata fungu lako la bonasi za kusaini. Ndani ya fungu hilo uko huru, unaweza kumpa huyu pungufu ya bei yake na yule zaidi. Ukilizidisha kwa asilimia isiyozidi 5, unatozwa kodi ya asilimia 75 ya kile kilichozidi. Ukivuka hapo unapoteza pia nafasi yako ya raundi ya kwanza ya mwaka unaofuata, ndiyo maana klabu huusogelea mstari huo na kuishia hapo. Kifungu kinachouma kuliko vyote ni hiki: mchezaji asiposaini, bei ya nafasi yake inaondoka kwenye fungu.

*Muda.* Kijana aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini ya hapo anaweza kukaa ligi ndogo, yaani kwenye timu za malezi za klabu, misimu mitano bila wasiwasi. Aliyesaini akiwa na 19 au zaidi, misimu minne. Baada ya hapo lazima aingizwe kwenye orodha ya wachezaji 40 wa klabu, la sivyo klabu nyingine inaweza kumnyakua kwenye drafti ndogo ya Desemba. Akishafika ligi kuu, hesabu nyingine inaanza: akitimiza miaka sita ya utumishi huko, yuko huru kwenda anakotaka.

*Hatari.* Jeraha, kipaji kilichogoma kukomaa, au kijana kukataa mkataba.

*Malezi.* Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mabishano mengi hupotea njia. Watu huuliza nani mchezaji bora kabla ya kuuliza nani atamlea. Tangu 2021 kila klabu ina timu nne za ligi ndogo, kutoka ya chini hadi ya juu Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, mbali na kambi za vijana zilizoko Florida au Arizona. Idadi hiyo ni sawa kwa wote. Ubora wa makocha, madaktari na hata jiko si sawa hata kidogo.

Njia ya kwanza: kinda wa sekondari

*Pesa.* Huyu ana karata mkononi, nayo ni nafasi ya chuo. Akiona bonasi haimtoshi anakwenda kusoma, na akishaingia chuo cha miaka minne hachaguliki tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Ndiyo maana wengi wao, hasa baada ya raundi ya kwanza, hawasaini mpaka wapewe zaidi ya bei ya nafasi. (Chuo cha miaka miwili ni habari nyingine, kwa sababu huko anaweza kuchaguliwa mwaka wowote. Mpigaji nyota Albert Pujols alitokea chuo cha aina hiyo, Maple Woods huko Missouri. Klabu ya Cardinals ilimchukua raundi ya 13 mwaka 1999, baada ya vijana 401 wengine kuitwa.)

*Muda.* Mike Trout alichaguliwa namba 25 mwaka 2009 akitokea Millville, New Jersey, na Julai 2011 alikuwa ligi kuu akiwa na miaka 19. Usimfanye Trout kuwa kipimo. Hesabu miaka minne au mitano, na hata wanaowahi hujikwaa. Jackson Holliday, namba moja wa 2022, alipandishwa na Orioles Aprili 2024 akiwa na miaka 20. Akapata hiti 2 (mipigo inayomfikisha mpigaji besi salama) katika mara 34 alizoshika gongo, akarudishwa Triple-A.

*Hatari.* Tenganisha wapigaji, wanaoshika gongo, na warushaji, wanaowarushia mpira, kwa sababu hapa ni kama drafti mbili tofauti. Kati ya wapigaji wa sekondari waliowahi kuwa namba moja wamo Ken Griffey Jr. (1987), Chipper Jones (1990) na Alex Rodriguez (1993). Warushaji wa sekondari waliowahi kuitwa wa kwanza ni watatu tu, wote wa mkono wa kushoto. David Clyde, 1973, alipelekwa na Rangers moja kwa moja ligi kuu akiwa na miaka 18 ili ajaze uwanja. Uwanja ulijaa, lakini maisha yake yote ya ligi kuu yalimpa ushindi 18 tu. Brien Taylor, 1991, alilipwa na Yankees dola milioni 1.55, akaumia bega kwenye ugomvi Desemba 1993 na hakufika ligi kuu kamwe. Brady Aiken, 2014, naye hakufika. Anayejibu kwa kumtaja Clayton Kershaw, aliyetoka sekondari Texas na kuchukuliwa na Dodgers namba 7 mwaka 2006, anasema kweli. Ila Kershaw mmoja amezungukwa na mabega na viwiko vingi vilivyokwisha kabla ya miaka 22.

*Malezi.* Klabu inampokea kijana wa miaka 18 ambaye pengine hajawahi kulala mbali na nyumbani mwezi mzima. Atacheza karibu kila siku kuanzia Aprili hadi Septemba. Hali imeboreka: tangu 2022 klabu zinalazimika kuwapa makazi wachezaji wengi wa ligi ndogo, na mkataba wa 2023 uliweka mshahara wa chini wa dola 26,200 kwa mwaka Single-A na 19,800 kambini. Hata hivyo bado ni kijana anayehitaji mtu wa kumfundisha kula, kulala na kushindwa mechi tatu mfululizo bila kubadilisha mwendo wa gongo lake kila asubuhi.

*Anawafaa nani.* Klabu yenye makocha wa ligi ndogo waliotulia, na wenye mali wasiopiga simu kila mwezi kuuliza mtoto amefikia wapi.

Njia ya pili: mwanachuo

*Pesa.* Wa mwaka wa tatu anaweza kutishia kurudi darasani, ila tishio lake ni dogo kuliko la kinda. Wa mwaka wa nne hana tishio lolote, na klabu zinalijua hilo vizuri mno. Walio juu kabisa bado ni ghali: mrushaji Paul Skenes wa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, alisaini na Pirates kwa dola milioni 9.2 mwaka 2023.

*Muda.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Skenes alichaguliwa Julai 2023, na Mei 2024 alikuwa anarusha ligi kuu. Mwaka huohuo akawa mchezaji mpya bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB (nyingine ni American League). Kris Bryant aliitwa na Cubs mwaka 2013 akitokea Chuo Kikuu cha San Diego, akafika Aprili 2015, na 2016 akawa mchezaji bora wa ligi yake katika msimu ambao Cubs walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1908. Kuna jambo jingine ambalo klabu hazipendi kulisema kwa sauti. Adley Rutschman wa Orioles alianza ligi kuu akiwa na miaka 24, kwa hiyo ile miaka sita inaangukia wakati mwili wake uko kileleni. Kwa klabu ni neema. Kwa mchezaji, soko linamkuta akikaribia 30.

*Hatari.* Kuiva si kinga. Mrushaji Mark Appel wa Stanford alikataa pesa za Pirates mwaka 2012, akarudi chuo, akawa namba moja wa Astros 2013, nafasi moja mbele ya Bryant. Aliacha mchezo 2018, akarudi, na hatimaye akarusha ligi kuu Juni 2022 akiwa na Phillies. Bega na kiwiko vya mwanachuo vimekwisha kurusha mipira mingi kabla klabu haijalipa senti. Stephen Strasburg, namba moja wa 2009, aliwatoa wapigaji 14 kwa straiki katika mechi yake ya kwanza, Juni 2010, na kabla msimu haujaisha alikuwa anafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Alipona, na 2019 akawa mchezaji bora wa fainali. Nationals walingoja miaka tisa kuvuna hilo. Kwa wapigaji, kumbuka pia kwamba vyuo hutumia gongo la chuma, na ligi za kulipwa hutumia la mbao. Ndiyo maana maskauti hujazana kwenye ligi ya kiangazi ya Cape Cod, ambako wanachuo hushika mbao.

*Malezi.* Hapa kazi ni kusahihisha kuliko kulea. Cubs, chini ya mkuu wake wa besiboli Theo Epstein, ilichukua mpigaji wa chuo raundi ya kwanza miaka mitatu mfululizo: Bryant 2013, Kyle Schwarber 2014, Ian Happ 2015. Warushaji ilikuwa inawatafuta kwingine, kama Jon Lester aliyesajiliwa Desemba 2014. Klabu inayojijua kuwa haina mkono mzuri wa kulea warushaji inaweza kuiga hilo bila aibu.

*Anawafaa nani.* Klabu ambayo nyota zake za sasa zina miaka miwili au mitatu kabla hazijaondoka, au ambayo idara yake ya malezi ni changa.

Tuitazame 2002 kwa karibu

Kama unataka mwaka mmoja wa kuutumia kwenye ubishi, chukua huu. Oakland, klabu isiyo na pesa, ilikuwa na nafasi saba kati ya 39 za mwanzo, kwa sababu wachezaji wake wakubwa kama Jason Giambi na Johnny Damon walikuwa wamehama. Wote saba iliowachukua walikuwa wanachuo. Hoja yake ilikuwa nzuri: takwimu za chuo zinaaminika zaidi, na kinda wa sekondari ni kamari.

Namba 16 ikamchukua Nick Swisher wa Ohio State. Namba 17, Phillies wakamchukua Cole Hamels, mrushaji wa sekondari kutoka San Diego aliyewahi kuvunjika mfupa wa mkono, jambo lililozitia klabu nyingi hofu. Namba 24 Oakland ikamchukua mrushaji Joe Blanton wa Kentucky. Namba 25, majirani zao wa ng'ambo ya ghuba, Giants, wakamchukua Matt Cain, mrushaji wa sekondari. Cain alibaki na Giants maisha yake yote, na Juni 2012 alirusha mchezo ambao hakuna mpigaji hata mmoja wa upande wa pili aliyefika besi ya kwanza. Hamels akawa mchezaji bora wa fainali ya 2008.

Kwa hiyo Oakland ilikosea? Ngoja. Namba 3 na namba 5 za mwaka huohuo, Chris Gruler na Clint Everts, walikuwa pia warushaji wa sekondari, na hakuna aliyefika ligi kuu. Swisher na Blanton walifika wote wawili na wakadumu miaka mingi. Blanton ndiye aliyekuwa kwenye kikosi hichohicho cha Phillies cha 2008, akishika gongo akapiga mpira nje ya uwanja katika mechi ya nne ya fainali. Upande wa pili, Jeremy Brown, mdakaji wa Alabama ambaye Oakland ilimchukua namba 35 kwa kuamini takwimu zake, alicheza mechi tano tu za ligi kuu. Namba moja wa mwaka huo, Bryan Bullington, alikuwa mwanachuo, na leo ni wachache wanaomkumbuka.

Ninachokiona mimi ni kwamba wanachuo walileta wachezaji wa kutumainiwa, makinda wakaleta nyota na sifuri. Klabu masikini ilihitaji kutokosea kuliko ilivyohitaji nyota. Giants walikuwa na subira na mikono salama ya kumlea mrushaji wa miaka 17.

Njia ya tatu: kugawa fungu

*Pesa.* Hii yote ni pesa. Unamchukua juu mchezaji aliye tayari kusaini chini ya bei ya nafasi yake, na kile kilichobaki unakipeleka kwa kinda wa sekondari aliyeteremka kwa sababu anadai nyingi. Mfano mzuri kuliko wote ni Astros ya 2012. Walimwita Carlos Correa wa Puerto Rico namba moja, nafasi yenye bei ya dola milioni 7.2, akasaini kwa milioni 4.8. Baki ikawapa mrushaji Lance McCullers Jr., namba 41, dola milioni 2.5, na Rio Ruiz wa raundi ya nne milioni 1.85. Ukiona klabu inachukua wanachuo wa mwaka wa nne raundi ya nane, ya tisa na ya kumi, ujue inabana matumizi ili imlipe mtu fulani.

*Muda.* Mchanganyiko. Unategemea umewanunua akina nani.

*Hatari.* Mnyororo ukikatika kiungo kimoja, vyote vinaanguka. Mwaka 2014 haohao Astros walikubaliana na Aiken dola milioni 6.5, chini ya bei. Vipimo vya daktari vikaonyesha tatizo la kiwiko, ofa ikashushwa, kijana akakataa. Bei ya nafasi yake ikaondoka kwenye fungu, na pamoja nayo pesa ambazo Jacob Nix wa raundi ya tano alikuwa ameahidiwa, dola milioni 1.5. Kijana ambaye hakuwa na tatizo lolote akajikuta hana mkataba. Klabu yenyewe ilitoka salama, maana kanuni ziliipa fidia ya namba 2 mwaka 2015, ikamchukua Alex Bregman wa LSU.

*Malezi.* Watu husahau kwamba njia hii inakuletea makinda wengi, sasa wakiwa watatu badala ya mmoja. Lazima uwe na mahali pa kuwaweka. Astros walikuwa napo. Correa, McCullers na Bregman wote walikuwemo kwenye ubingwa wa 2017, ubingwa uliokuja kuingia doa la kuiba ishara za wapinzani. McCullers alimaliza mechi ya saba ya fainali ya American League dhidi ya Yankees kwa kurusha mipira 24 ya kupinda mfululizo. Ruiz hakuwahi kuichezea Astros, ila ndiye aliyetumika kwenye biashara iliyomleta mpigaji Evan Gattis.

*Anawafaa nani.* Klabu yenye fungu kubwa, maana yake iliyofanya vibaya, na yenye maskauti wanaojua kwa hakika kijana gani atasaini kwa kiasi gani. Bila taarifa hizo hii ni bahati nasibu.

Kulingana na hali yako

Timu yako imepoteza mechi 100 na mkurugenzi ni mgeni: kugawa fungu, au kinda mpigaji. Orioles walipoteza 115 mwaka 2018. Mwaka uliofuata walimchukua Rutschman wa chuo namba moja na Gunnar Henderson wa sekondari namba 42. Mwaka 2023 walishinda mechi 101. Hawakushikilia njia moja.

Timu iko karibu na ubingwa na inachagua namba 25 kwenda chini: mwanachuo mpigaji, au mrushaji wa chuo anayeweza kusaidia mapema. Kinda atafika wakati nyota wako wamekwisha kwenda.

Klabu imejenga jina kwa kulea warushaji: usiogope kinda mrushaji, lakini mchukue raundi ya pili au ya tatu kwa pesa ulizobana juu. Nafasi ya kwanza kabisa kwa mrushaji wa sekondari mimi nisingeitoa.

Kuna kipaji cha nyumbani na mashabiki wanashinikiza: angalia Twins wa 2001. Walimchukua Joe Mauer, mtoto wa Saint Paul, wakamwacha Mark Prior wa USC, Chuo Kikuu cha Southern California, mrushaji aliyesifiwa kuliko wote, na maneno yakazagaa kwamba wameogopa bei yake. Prior aling'ara 2003, akaandamwa na majeraha, akarusha mechi yake ya mwisho ya ligi kuu 2006. Mauer alikaa Twins maisha yote na 2024 akaingia ukumbi wa heshima. Presha ya nyumbani ilisaidia pale kwa sababu kijana mwenyewe alistahili namba moja hata bila anwani yake.

Na kama wewe si shabiki tu bali mzazi au mlezi wa kijana wa Afrika Mashariki anayecheza, kanuni ni tofauti. Kijana anayekulia Kampala au Dar es Salaam haingii drafti. Anaweza kusaini na klabu yoyote kuanzia miaka 16, kama walivyofanya Waganda Ben Serunkuma na Umar Male walipojiunga na Dodgers mwaka 2022, na kama alivyofanya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliyesaini na Pirates 2008. Ngoepe alikaa ligi ndogo karibu miaka tisa kabla ya kuwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu, Aprili 2017, na akapata hiti mara ya kwanza aliposhika gongo, dhidi ya Lester. Lakini kijana huyohuyo akihamia Marekani na kusoma sekondari huko, anaingia kwenye foleni ya drafti pamoja na wengine, na uhuru wa kuchagua klabu unaisha. Ofa ya shule ikija, swali hilo liulizwe kabla ya tiketi ya ndege kukatwa.